Namna ya kuisoma nembo ya gari, hatua kwa hatua

Mtoto anayeishi karibu na barabara kuu huweza kukutajia aina ya gari kwa kuona nembo tu, hata kabla hajajua kusoma jina lililoandikwa nyuma. Lakini muulize mwenye gari kwa nini Subaru ina nyota sita na si saba, au kwa nini mbele ya Volvo kuna ukanda uliolala mshazari, na mara nyingi atanyamaza, au atakupa hadithi aliyoisikia gereji. Naona ni hasara, kwa sababu nembo nyingi za magari zinasomeka kabisa. Ndani yake mna mji wa kiwanda, ukoo wa mwanzilishi, kazi waliyoifanya kabla ya kuanza kuunda magari, na kampuni walizoungana nazo. Utaratibu ninaoufuata mimi kuzisoma ni huu. Unahitaji gari lililosimama, simu yenye kamera na subira kidogo.

Hatua ya 1: Itazame kama kipande cha chuma

Usianze na maana. Anza kwa kuuliza nembo imefungwa wapi, inashikwa na nini, na ilipowekwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi gani. Magari ya zamani yalikuwa na rejeta iliyo wazi mbele, na nembo ilikaa hapo hapo. Umbo lake likafuata umbo la mahali.

Mfano bora ni Volvo. Gari lake la kwanza lilitoka kiwandani Gothenburg, nchini Sweden, Aprili 1927. Duara lenye mshale unaoelekea juu upande wa kulia ni alama ya kale ya chuma, ambayo pia ilitumika kwa sayari ya Mirihi. Waswidi waliichagua kwa kuwa chuma cha kwao kilikuwa na sifa kubwa. Taabu ilikuwa kwamba alama hiyo ilitakiwa ikae katikati ya rejeta, mahali pasipo na kitu cha kuishikilia. Wakapitisha ukanda kutoka kona moja ya rejeta hadi kona ya pili, nembo ikafungwa juu yake. Ukanda ulikuwa wa kushikilia tu, kama bano la fundi. Siku hizi hauna mzigo wowote wa kubeba, lakini bado unauona kwenye Volvo mpya, kwa kuwa macho ya watu yalishauzoea na kampuni haikuthubutu kuutoa.

Renault nayo ilipitia njia hiyo. Mwaka 1923 nembo yake ilikuwa ya duara, iliyotobolewa kama wavu, kwa sababu honi ilikaa nyuma yake na sauti ilihitaji pa kutokea. Miaka miwili baadaye, pua ya boneti ikiwa na mkunjo katikati, duara halikukaa vizuri tena juu yake, likageuzwa kuwa almasi. Ukiambiwa kwamba almasi ya Renault ni alama ya thamani na utajiri, kumbuka honi na mkunjo wa boneti.

Hatua ya 2: Uliza mji na ukoo

Tafuta mnyama, msalaba, taji au ngao. Ukiona kimojawapo, karibu kila mara kimeazimwa kutoka nembo ya mji, jimbo au ukoo uliokuwepo zamani sana kabla ya gari.

Alfa Romeo ni rahisi kuisoma. Ilianzishwa Milan, Italia, mwaka 1910. Upande mmoja wa nembo una msalaba mwekundu wa mji wa Milan, upande wa pili una nyoka anayemmeza mtu, ambaye ni nyoka wa ukoo wa Visconti uliowahi kuutawala mji huo. Porsche, tangu 1952, inabeba ngao yenye farasi wa mji wa Stuttgart katikati, na pembeni pembe za kulungu na mistari myekundu na myeusi ya jimbo la Württemberg.

Farasi wa Ferrari wengi humchanganya na yule wa Porsche, ilhali asili yake ni nyingine. Alichorwa ubavuni mwa ndege ya Francesco Baracca, rubani wa kivita wa Italia aliyeuawa Juni 1918. Enzo Ferrari mwenyewe alisimulia kwamba aliposhinda mashindano karibu na Ravenna mwaka 1923 alikutana na wazazi wa rubani huyo, na mama yake akamshauri aweke farasi wa mwanawe kwenye magari yake. Ferrari akamwacha farasi mweusi kama alivyokuwa, akaongeza rangi ya manjano nyuma yake, ambayo ni rangi ya Modena, mji aliozaliwa. Kwa hiyo nembo ile moja imebeba marehemu na mji wa nyumbani.

Ninayoipenda zaidi katika kundi hili ni Mitsubishi, na kwetu inaonekana kila siku mbele ya Canter na Fuso. Iwasaki Yataro alitoka Tosa, kusini mwa Japani, na mwaka 1870 alianza biashara ya meli. Watawala wa Tosa, ukoo wa Yamauchi, walikuwa na nembo ya majani matatu ya mwaloni yaliyounganishwa katikati. Ukoo wa Iwasaki ulikuwa na nembo yake ya maumbo matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, mfano wa hishi, mmea wa majini wenye umbo la almasi. Alama ya meli zake ikazichanganya mbili hizo: mpangilio wa majani ya mtawala, maumbo ya nyumbani kwake. Ni nembo ya mtu aliyetaka kumheshimu bwana wake bila kuficha jina la baba yake. Almasi hizo tatu zilipeperuka baharini miaka mingi kabla gari la kwanza la Mitsubishi halijaundwa.

Jambo la kukaa macho: zipo penseli na kalamu za Kijapani zenye jina la Mitsubishi na almasi tatu zile zile, lakini kiwanda chake hakina undugu wowote na cha magari. Nembo kufanana hakutoshi kuwa ushahidi wa ukoo mmoja.

Hatua ya 3: Uliza walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya magari

Gari lina umri wa karne moja na ushei tu. Viwanda vingi vilivyoliunda vilikuwa tayari na kazi nyingine, na kazi hiyo imebaki usoni mwa nembo.

Simba wa Peugeot ni wa msumeno. Familia ya Peugeot, mashariki mwa Ufaransa, ilikuwa ikitengeneza misumeno na vifaa vingine vya chuma katika karne ya 19, na simba alisajiliwa kuwa alama yake ya biashara mwaka 1858. Alimaanisha mambo matatu: meno ya msumeno ni magumu kama ya simba, bamba lake linapinda bila kuvunjika kama uti wa mgongo wake, na ukataji wake ni wa kasi kama mbio zake. Simba wa mwanzo alisimama juu ya mshale, ndiyo ile kasi. Huku Afrika Mashariki simba huyo alipata heshima yake mwenyewe: Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Wazee waliokuwa wakiyasubiri magari yale kando ya barabara ya vumbi hawakuhitaji kuelezwa habari za msumeno. Lakini ukiijua asili, unaelewa kwa nini kampuni ya magari ilichagua mnyama mwenye meno badala ya farasi mwenye miguu.

Citroën isome hivyo hivyo. Zile alama mbili zilizokunjwa kama vipaa vya nyumba ni meno ya gia. André Citroën alizikuta nchini Poland gia zenye meno yaliyokatwa kwa umbo la V, akanunua haki ya kuzitengeneza na kufungua biashara ya gia kabla ya kuingia kwenye magari mwaka 1919. Gia za namna hiyo hufanya kazi kwa utulivu na hubeba nguvu nyingi, ndiyo maana alijivunia kuzibandika mbele ya gari.

Hatua ya 4: Hesabu

Hesabu kila kitu kinachohesabika: nyota, pete, ncha, almasi. Kisha uliza kwa nini ni idadi hiyo hasa. Mara nyingi jibu ni muungano wa kampuni.

Pete nne za Audi ni kampuni nne za Ujerumani zilizoungana mwaka 1932 na kuitwa Auto Union: Audi, DKW, Horch na Wanderer. Kila pete ni kampuni moja, na zimeshikana kwa sababu zilishikana kweli, wakati uchumi ulipokuwa umeanguka na kila moja peke yake ilikuwa hatarini kufa.

Subaru inahitaji jicho kali zaidi. Sogea karibu utaona nyota moja kubwa na tano ndogo. Ni zile nyota za Kilimia, ambazo Wajapani huziita Subaru, na ambazo wakulima wetu wa pwani walizitazama ili kujua msimu wa kuandaa mashamba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni kubwa ya ndege ya Nakajima ilivunjwa vipande. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nayo ziliungana na kuunda Fuji Heavy Industries. Nyota tano ndogo ni hizo tano, na ile kubwa ni kampuni waliyoizaa pamoja. Mwaka 2017 kampuni nzima iliacha jina la Fuji ikajiita Subaru. Sijui nembo nyingine ya gari inayoeleza historia yake kwa usahihi kiasi hiki, na usiku ukiwa hauna mawingu unaweza kuinua macho ukaiona juu.

Ncha tatu za nyota ya Mercedes zina hesabu ya aina nyingine. Gottlieb Daimler, ambaye baadaye alianzisha kampuni iliyounda Mercedes, alipokuwa akifanya kazi Deutz karibu na Cologne, alichora nyota kwenye picha ya mji huo kuonyesha nyumba yake ilipo, akamwandikia mkewe kwamba siku moja nyota hiyo itang'aa juu ya kiwanda chao. Alikufa mwaka 1900. Wanawe walilikumbuka jambo hilo, na mwaka 1909 kampuni ikasajili nyota mbili: ya ncha tatu na ya ncha nne. Ile ya ncha tatu ndiyo iliyotumika, kwa maana ya injini za nchi kavu, za majini na za angani. Mwaka huo huo wa 1909, mshindani wao Benz alisajili shada la majani. Walipoungana mwaka 1926, nyota iliingia ndani ya shada, na kwenye nembo ndogo za duara zinazofungwa juu ya boneti za Mercedes nyingi shada hilo bado unaliona.

Hatua ya 5: Tafuta herufi zilizofichwa

Hapa watu wengi hukosea magari mawili: Honda na Hyundai. Zote ni H. Ya Honda imesimama wima, miguu yake imepanuka juu kuliko chini, na imezungukwa na fremu ya pembe nne zilizolainishwa. Ya Hyundai imeinama upande, ndani ya duaradufu, na kampuni inaieleza kuwa ni watu wawili wanaoshikana mikono, muuzaji na mnunuzi. Ukikumbuka kwamba iliyoinama inasalimiana, hutazichanganya tena.

Kisha Toyota. Mwanzilishi aliitwa Kiichiro Toyoda, na magari ya kwanza yalibeba jina la familia. Mwaka 1936 kampuni iliitisha shindano la nembo, zikaja kazi takriban 27,000, na iliyoshinda iliandika Toyota badala ya Toyoda. Kwa maandishi ya Kijapani jina hilo jipya huandikwa kwa mikato minane, na nane huko ni namba ya heri. Ila nembo tunayoijua sisi, ya duaradufu tatu, ni ya 1989. Mbili za ndani zinakatana kuunda herufi T. Kampuni inasema ni moyo wa mteja na moyo wa kampuni, na ile ya nje ni dunia. Zitazame pia kwa unene: mstari haulingani kila mahali, unanenepa na kukonda kama wino wa brashi katika uandishi wa Kijapani.

Maelezo ya mioyo ni mazuri, lakini kwa maoni yangu ubora wa nembo hii uko kwingine. Kulia na kushoto kwake ni sawasawa. Dereva akiiona kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ambako maandishi yote hugeuka, nembo haigeuki. Kwa gari linalokaa nyuma ya wenzake kwenye foleni kutwa nzima, huo ni usanifu wenye akili.

Kinyume chake kilitokea kwa Kia mwaka 2021. Herufi ziliunganishwa kwa mkato mmoja, I ikashikana na A isiyo na mstari wa kati, na watu wengi wakaisoma KN. Nembo ilikuwa ya kupendeza, lakini jina lilipotea njiani.

Hatua ya 6: Ipime hadithi kabla ya kuisambaza

Ukipata maana ya nembo, usiimeze bado. Linganisha mwaka wa nembo na mwaka wa hadithi. Kama hadithi ilizaliwa baadaye, iweke kando.

Hadithi maarufu kuliko zote ni ya BMW: eti buluu na nyeupe ni pangaboi la ndege likizunguka mbele ya anga. Ukweli ni kwamba BMW ilitokana na kampuni ya injini ya Rapp ya Munich, na nembo yake, iliyosajiliwa Oktoba 1917, ilichukua lile duara jeusi lenye maandishi la Rapp. Rangi za ndani ni za jimbo la Bavaria. Sheria ya wakati huo ilikataza kutumia alama za dola kwenye bidhaa, ndiyo maana mpangilio wa rangi uligeuzwa. Pangaboi lilikuja baadaye: mwaka 1929 tangazo la injini za ndege lilichora nembo ndani ya mapangaboi yanayozunguka, na picha ikawa na nguvu kuliko historia. Miaka kumi na miwili imepita kati ya nembo na pangaboi. Hicho ndicho kipimo.

Kwa Chevrolet, kipimo hicho hakitoi jibu moja. Ile alama kama tai ya shingoni ilianza kutumika 1913, na zipo simulizi zaidi ya moja kuhusu William Durant, mmoja wa waanzilishi wake, alikoitoa: karatasi ya ukutani ya hoteli huko Paris, au tangazo la makaa gazetini. Katika hali hiyo eleza zote, usichague moja kwa sababu inavutia.

Hatua ya 7: Tumia nembo unaponunua au kutengeneza gari

Nembo hubadilika, na mabadiliko hayo yana tarehe. Volkswagen ilibadilisha mwaka 2019, Nissan 2020, Kia, Renault na Peugeot 2021. Karibu zote zilitoka kwenye mng'ao na uvimbe zikawa mistari bapa, kwa sababu siku hizi nembo lazima isomeke pia kwenye skrini ndogo ya simu. Kwa hiyo ukionyeshwa Nissan ya 2014 yenye nembo ya mistari myembamba mbele, ujue kuna kitu kimebadilishwa baada ya kiwanda. Pengine ni urembo tu, pengine grili na bampa vilivunjika. Ilinganishe nembo ya mbele na ya nyuma, ya usukani na ya vifuniko vya rimu. Zikitofautiana, muulize muuzaji kwa upole, kisha mwite fundi bodi unayemwamini aangalie rangi na maungio.

La pili ni la usalama. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, yakiwemo baadhi ya Toyota na Mercedes, nyuma ya nembo ya mbele kuna rada inayopima umbali wa gari lililo mbele yako. Utaitambua nembo ya aina hiyo kwa kuigusa: uso wake ni laini kabisa, kama picha iliyo ndani ya plastiki, wakati nembo ya kawaida ina kingo na mashimo unayoyahisi kwa kidole. Usiipake rangi, usiibandike stika, wala usiibadilishe kwa nembo yoyote ya dukani inayotosha kwenye tundu. Rada inahitaji plastiki maalumu ipite bila kuzuiwa, na nembo isiyofaa inaweza kuizima breki ya dharura bila wewe kujua mpaka taa iwake kwenye dashibodi. Ioshe kwa kitambaa laini na maji, basi.

Zoezi: jisomee Scania

Sasa chukua malori na mabasi ya Scania, yale yanayopishana kati ya Dar es Salaam na Tunduma, upitie hatua zote. Mnyama mwenye kichwa cha tai aliyevaa taji anatoka kwenye nembo ya Skåne, jimbo la kusini mwa Sweden, na jina la kampuni ni jina la jimbo hilo kwa Kilatini. Mikono mitatu iliyomzunguka katika nembo za zamani ni ya pedeli ya baiskeli, kwa kuwa kiwanda cha Malmö kilianza na baiskeli. Mwaka 1911 kiliungana na kampuni ya Vabis ya Södertälje, na mwaka 1969 kikaungana na Saab. Ndiyo maana magari madogo ya Saab nayo yalikuja kubeba kichwa hicho chekundu chenye taji. Kampuni hizo zilipotengana katika miaka ya 1990, haki ya mnyama huyo haikuhamia moja kwa moja kwa wanunuzi wa Saab. Kiwanda cha Saab kilipouzwa kwa wenye mali wapya mwaka 2012, waliruhusiwa kutumia jina peke yake. Magari machache waliyoyatengeneza baada ya hapo yametoka bila mnyama, na ukiliona moja utajua limeundwa baada ya 2012 bila kufungua boneti.